Meadow: Ardhi ya Kukatia Nyasi

Neno la Kiingereza meadow hutafsiriwa mara nyingi kuwa "malisho" au "mbuga". Tafsiri hizo zinataja majani, ila zinaacha kazi iliyolizaa neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa mæd, na lilipobadilika kisarufi likawa mædwe. Umbo la kwanza likatoa mead, la pili meadow. Shina lake ni lile lile la kitenzi mow, yaani kukata nyasi. Meadow basi haikuwa uwanda wowote wa majani. Ilikuwa ardhi iliyozuiwa mifugo katika majira ya kuchipua ili nyasi zirefuke, zikatwe wakati wa joto, zianikwe na kuwekwa akiba. Ardhi ya kuchungia ilikuwa na jina lake: pasture.

Akiba hiyo ilikuwa uhai. Wakati wa baridi nyasi za Uingereza karibu hazikui, na kijiji kisicho na nyasi kavu kiliwavushaje maksai wake wa kulimia? Ndiyo maana Domesday, daftari la mali lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William I, lilihesabu meadow mbali na malisho. Ekari yake kwa kawaida ilithaminiwa kuliko ekari ya shamba la nafaka. Zilizosifika zilikuwa kando ya mito, mafuriko yalikoacha tope lenye rutuba. Runnymede, ambako Mfalme John alikubali hati ya Magna Carta mwaka 1215, ni mead ya ukingoni mwa Mto Thames, na jina lake bado linalisema hilo.

Nyasi zikishaondolewa, meadow nyingi zilifunguliwa kwa mifugo ya wanakijiji kuanzia sikukuu ya Lammas, tarehe 1 Agosti. Kalenda iliporekebishwa mwaka 1752 na tarehe kadhaa kurukwa, baadhi ya maeneo yalishika siku ya zamani: North Meadow ya mji wa Cricklade, England, hufunguliwa tarehe 12 Agosti hadi leo.

Karne ya 20 ilileta mbolea za viwandani, mbegu za nyasi za kupandwa na plau la trekta. Kati ya miaka ya 1930 na 1984, takriban asilimia 97 ya ardhi hizo za asili katika nyanda za chini za England na Wales ilitoweka. Kazi ilipopotea, maana nayo ikalegea. Siku hizi meadow ni uwanja wowote wenye maua. Lakini anayetafsiri hati za zamani asiandike "malisho". Aandike "ardhi ya kukatia nyasi".