Kiboriani Ilivyowakutanisha: Safari ya Waanglikana wa Tanzania Kuelekea Kanisa Moja

Mwaka 1876 Waanglikana kutoka Uingereza walifungua vituo viwili katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Cha kwanza kilikuwa Masasi, chini ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni iliyokuwa na makao yake Zanzibar. Cha pili kilikuwa Mpwapwa, chini ya CMS (Church Missionary Society), kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani, ikakata Ugogo na kuelekea Unyanyembe. Wote walimtambua Askofu Mkuu mmoja wa Canterbury, lakini muumini wa Masasi angeingia kanisani Mpwapwa angedhani amepotea njia.

Masasi, Magila na Zanzibar kulikuwa na uvumba, mishumaa altareni, mavazi ya Misa na padre wa kusikiliza maungamo. Mpwapwa na Mamboya, na baadaye Buigiri na Mvumi, kulikuwa na meza ya Bwana isiyo na mapambo, mahubiri marefu na mkazo wa kila mtu kusoma Biblia mwenyewe. Umbali ulificha tofauti hizo kwa miaka mingi. Upande wa UMCA ulishika pwani na kusini, upande wa CMS ukashika nyanda za kati, na mkulima wa Ugogo hakuwa na sababu ya kukutana na ndugu yake wa Ruvuma.

Tofauti hizo zililipuka nje ya nchi, katika kijiji cha Kikuyu nchini Kenya, Juni 1913. Misheni za Kiprotestanti zilikutana huko chini ya uenyekiti wa Askofu J. J. Willis wa Uganda, zikitafuta namna ya kushirikiana ili Mwafrika asirithi magomvi ya Ulaya. Mwisho wa mkutano, Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu yasiyo na maaskofu wakashiriki. Wakati huo vituo vya CMS vya Ukaguru na Ugogo vilikuwa sehemu ya dayosisi ya Mombasa. Kwa hiyo Peel alikuwa askofu wa Wakristo wa Mpwapwa na Mvumi.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu Randall Davidson akitaka Peel na Willis washtakiwe kwa uzushi na kuleta mfarakano. Hoja yake ilikuwa na uzito: kama mtu anaweza kukaribia meza ya Bwana bila kipaimara wala kanisa lenye maaskofu, basi kwa nini Kanisa limhangaishe Mwafrika na mafundisho hayo? Nami naamini Weston alisema kwa dhamiri safi. Aliishi na Waafrika, aliwapenda, na baadaye angewatetea hadharani dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Hata hivyo barua zake ziliwafanya Waanglikana wa nchi moja waonekane kama watu wa dini mbili. Magazeti ya Uingereza yalilijadili jambo hilo kwa miezi mingi.

Kisha vita vikaja. Agosti 1914 wamisionari wa Kiingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani waligeuka kuwa raia wa adui. Juu ya Mpwapwa kuna mlima wa Kiboriani, wenye hewa ya baridi, ambapo CMS walikuwa na nyumba za kupumzikia. Wajerumani waliugeuza kuwa mahali pa kuwazuilia. Wamisionari wa UMCA kutoka upande wa pwani waliletwa huko, wakawekwa pamoja na wenzao wa CMS, na baadaye wakapelekwa Tabora, hadi jeshi la Wabelgiji lilipoingia mji huo Septemba 1916. Watu ambao mwaka mmoja tu kabla maaskofu wao walikuwa wakivutana kwa barua kuhusu nani ashiriki meza, sasa walishiriki kifungo.

Walimu wa Kiafrika wa misheni zote mbili ndio walioumia zaidi. Walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakafungwa minyororo na kupigwa. Wengine walifia kifungoni. Hawakuwa wameandika hata mstari mmoja katika ugomvi wa Kikuyu. Historia ya umoja wa Kanisa hili ikiandikwa bila wao, itakuwa na pengo kubwa.

Vita havikumaliza ubishi. Weston aliunga mkono wito wa umoja wa Wakristo uliotolewa na mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, lakini alifariki mwaka 1924 akiwa na msimamo uleule kuhusu uaskofu. Mwaka 1927 nyanda za kati zilipata dayosisi yao, Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma. Askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, na wamisionari wa Australia aliowaleta walikuwa wa mrengo wa CMS hasa. Mpaka ukawa mgumu zaidi.

Kilichoanza kuulegeza ni Uamsho, harakati ya toba na wokovu. Moto huo uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba, ukafika Ugogo. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi mbele ya wote, na Mzungu na Mwafrika wakaombana radhi. Ulileta pia maumivu: waliojiita wameokoka waliwatazama wengine, hata wachungaji wao, kama Wakristo wa jina tu, na nyumba nyingi ziligawanyika. Lakini uliwazoesha watu wa makabila na nchi tofauti kuitana ndugu. Festo Kivengere, kijana wa Kigezi, Uganda, alifika Dodoma mwaka 1946 kufundisha Shule ya Alliance, na alikaa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1959 alikwenda Australia kuhubiri pamoja na Yohana Omari, aliyekuwa amewekwa wakfu Namirembe tarehe 15 Mei 1955 kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kupata uaskofu wa Kianglikana Tanganyika. Nchi iliyoipelekea Dodoma askofu wake wa kwanza sasa ilisikiliza mahubiri ya askofu aliyetoka katika dayosisi hiyohiyo.

Mwaka 1960 dayosisi za Kenya, Tanganyika na Zanzibar ziliungana katika Jimbo la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Tanzania ikawa Jimbo lake yenyewe, na John Sepeku wa Dar es Salaam, mtoto wa UMCA, akawa Askofu Mkuu. Mwaka uliofuata Yohana Madinda akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Tanganyika ya Kati.

Baada ya Sepeku alikuja Musa Kahurananga wa Tanganyika Magharibi, upande wa CMS. Kisha John Ramadhani wa Zanzibar na Tanga, upande wa UMCA. Kisha Donald Mtetemela wa Ruaha, CMS. Valentino Mokiwa wa Dar es Salaam, UMCA. Mwaka 2013 Jacob Chimeledya, askofu wa Mpwapwa kwenyewe. Mwaka 2018 Maimbo Mndolwa wa Tanga. Kiti kimekwenda huku na kurudi kule, mara sita. Mwenye kuelewa jinsi jamaa wawili wanavyopokezana uenyekiti wa ukoo ataelewa kilichotokea.

Uvumba haukuondolewa Masasi wala haukulazimishwa Mvumi. Suala la wanawake kupewa ukasisi lilipokuja, Tanganyika ya Kati chini ya Askofu Mdimi Mhogolo iliwakubali, dayosisi za urithi wa UMCA zilikataa, na Jimbo halikuvunjika. Wapo wanaouita uvumilivu huo udhaifu. Kwangu huo ndio ukomavu ambao mwaka 1913 haukuwapo.

Ofisi kuu za Kanisa Anglikana la Tanzania ziko Dodoma, na majengo aliyofundishia Kivengere, yaliyoitwa baadaye Mazengo, tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. John's, mali ya Kanisa lote. Lakini vijana wa kipaimara bado wanafundishwa kwa urahisi zaidi majina ya wamisionari kuliko ya walimu waliofungwa minyororo. Nawasihi makasisi wa Mpwapwa, Buigiri na Mvumi, na wenzao wa Muheza na Masasi: wazee wenye kumbukumbu za walimu hao bado wapo kwenye mitaa yenu. Waulizeni, andikeni majina yao, na yasomwe kanisani.