Nani Alisema Toyota Haifi?

Kabla ya Toyota kulikuwa na Pijo. Ungemuuliza dereva yeyote wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni gari gani halifi, angekutajia Peugeot, tena angekuwa na ushahidi: Safari Rally. Mwaka wa 1963 matope yalimeza karibu kila mtu, magari 7 tu yakafika mwisho, na la kwanza likawa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Mwaka wa 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwa 404. Mwaka wa 1968 matope yakarudi, yakafika tena magari 7 tu, na Nowicki akawa mbele tena na 404 yake. Hiyo haiwezi kuwa bahati, bana.

Kuna jambo tunalolisahau tukipiga hizi stori. Gari lililoshinda mashindano ya siku zile halikuwa mbali sana na lile uliloweza kununua mjini. Mwenye 404 akisoma matokeo gazetini alikuwa anasoma habari za gari lake mwenyewe. Barabara ileile, vumbi lilelile, karibu injini ileile. Ndiyo maana 504 ilipokuja ilipokelewa kama mtoto wa familia nzuri. Iliunganishwa Mombasa, ikabeba wakubwa wa serikali, na ile ndefu ya nyuma ikabeba abiria na magunia yao kwenda mashambani. Mwaka wa 1975 Msweden Ove Andersson alishinda Safari nayo. Mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akaongeza ushindi mwingine.

Sasa Pijo ziko wapi? Utaona moja moja, kwa mzee asiyetaka kuiachilia. Na 504 haikuharibika tabia. Lilikuwa gari lilelile hadi siku zake za mwisho. Kilichokatika ni mnyororo ulioizunguka. Soko la magari lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilianza kuteremshwa Mombasa kwa bei ambayo gari jipya halingeweza kushindana nayo. Fundi hujifunza gari linalomletea unga. Maduka ya spea ya Kirinyaga Road huweka kinachonunuliwa. Baada ya miaka michache, gari ambalo kila fundi alilijua likawa gari la kutafutiwa fundi, na gari la kutafutiwa fundi, hata liwe imara vipi, watu husema ni bovu.

Tukija kwa Toyota, hebu tuanze na aibu. Mwaka wa 1957 kampuni hii ilipeleka Toyopet Crown Marekani. Gari lililovumilia barabara mbovu za Japani lilifika kwenye barabara kuu za California likaanza kutetemeka na kuchemka. Kufikia 1960 waliacha kulipeleka. Kwa hivyo hili jina halikuzaliwa nalo, walilitafuta.

Na walilitafuta kwa njia inayonivutia kuliko ushindi wowote wa Safari. Sakichi Toyoda, baba wa aliyeanzisha kampuni ya magari, alikuwa mtu wa mashine za kufuma nguo. Mashine yake ya mwaka wa 1924 ilijisimamisha yenyewe uzi ukikatika, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Wazo hilo liliingia katika kiwanda cha magari likawa kamba: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anaivuta, na kasoro isiporekebishwa upesi, kazi inasimama. Fikiria kiwanda ambacho kijana wa ngazi ya chini kabisa ana ruhusa ya kumchelewesha bosi. Ukitaka kujua kwa nini Corolla ya babako ilikataa kufa, anzia hapo.

Ove Andersson, yule wa Pijo ya 1975, ndiye aliyeiongoza timu ya Toyota ya Ulaya iliyoshinda Safari mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Mkenya Ian Duncan akashinda na Celica mwaka wa 1994. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, pale Naivasha, Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Mwaka wa 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Lile tangazo la zamani lililodai kwamba gari lililo mbele daima ni Toyota likawa kweli tupu. Lakini gari la Naivasha na ile Vitz yako hawajuani hata kwa salamu. Ushahidi wa Nowicki ulikuwa wa gari la kila mtu. Huu wa leo ni ushahidi wa matangazo.

Ushahidi wa gari la kila mtu ulikuja kutoka kwingine. Desemba 2023, kamati huru iliyochunguza Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, iliripoti makosa 174 katika majaribio ya kuidhinisha magari. Yaligusa aina 64, nyingine zikiuzwa kwa nembo ya Toyota, na kosa la zamani zaidi lilikuwa la 1989. Probox, farasi wetu wa miraa na mboga, hutengenezwa na Daihatsu. Ilisimamishwa pamoja na nyingine, ikarudi kiwandani Februari 2024 baada ya serikali ya Japani kuridhika. Juni 2024 ikawa zamu ya Toyota yenyewe. Akio Toyoda, mwenyekiti, aliinama mbele ya kamera akaomba radhi. Kwenye orodha kulikuwa na Corolla Fielder na Axio. Mtaani kwako ziko ngapi?

Tuwe wa haki. Toyota ilisema magari ni salama, na kwamba baadhi ya vipimo walivyotumia vilikuwa vikali kuliko vya sheria. Hakuna aliyesema Fielder itakuzimikia Salgaa. Kinachonisumbua ni sababu. Kamati ya Daihatsu ililaumu ratiba zilizobanwa kupita kiasi na mahali pa kazi ambapo mtu hangeweza kusema kazi hii haiwezi kuisha kwa wakati. Ile kamba ilikuwepo kwenye karakana, lakini pale kwenye majaribio hapakuwa na mtu wa kuivuta.

Sisi nasi tuko nyuma ya saa. Sheria yetu inazuia gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mengi tunayoyaona mapya kwenye yadi yalisajiliwa Japani takriban miaka saba nyuma. Sifa tunayolipia ni ya gari la zamani zaidi ya hilo, ile ya babako. Kwa upande wa injini ndogo za kawaida, zisizo na mbwembwe, mimi bado ningeweka pesa yangu hapo. Lakini nembo hiyohiyo ilitupa D4 iliyowatoa mafundi jasho, na mwaka wa 2024 huko Marekani ikayaita tena magari yapatayo 100,000, mengi yakiwa Tundra, kwa sababu ya vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini kiwandani.

Jaribio moja la Fielder na Axio lililoleta ile aibu ya Juni lilihusu jinsi gari linavyomuumiza mtu anayetembea kwa miguu likimgonga. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea. Ingia yadi yoyote ya Ngong Road Jumamosi usikilize maswali. Imetembea kilomita ngapi? Ni D4? Spea zinapatikana? Inakunywa mafuta aje? Muuzaji ana majibu yote, kwa sababu maswali ni hayohayo tangu Corolla ya kwanza iteremshwe Mombasa.