Sheria za misumeno ya injini na hatima ya misitu

MSUMENO wa injini huangusha kwa dakika chache mti uliochukua zaidi ya miaka mia moja kukomaa. Kazi iliyohitaji kundi la watu wenye mashoka sasa hufanywa na mtu mmoja, na mara nyingi walinzi wanapofika hukuta kisiki na vumbi la mbao.

Ndiyo sababu mataifa kadhaa yameamua kudhibiti chombo chenyewe, badala ya kungoja kumnasa mkataji akiwa kazini.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaharamisha kuwa na msumeno wa injini, au kuuingiza, katika msitu wa umma bila leseni au kibali. Anayepatikana nao humo huwa ametenda kosa hata kabla ya kukata tawi.

Aidha, ni hatia kuwa ndani ya msitu huo bila idhini kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa anayepita katika barabara au njia inayotambuliwa.

Kifungu hicho, hata hivyo, huanza kuuma mpakani mwa msitu. Ufilipino ilichagua kuanzia mbali zaidi.

Sheria nambari 9175 ya nchi hiyo, iliyopitishwa mwaka wa 2002, inasimamia uagizaji, uuzaji, umiliki na matumizi ya misumeno hiyo. Wanaoruhusiwa kuimiliki ni watu kama vile wenye leseni za kuvuna miti, wakulima wa miti na matunda, na wenye viwanda vya mbao vilivyoidhinishwa.

Anayeutumia kinyume cha sheria hukabiliwa na kifungo cha kati ya miaka sita na minane, faini ya peso 30,000 hadi 50,000, au adhabu zote mbili. Kufuta au kubadilisha nambari ya injini pia ni kosa. Raia anayetoa habari zinazowezesha msumeno usiosajiliwa kunaswa na mhusika kuhukumiwa hutunukiwa asilimia 20 ya thamani yake.

Utekelezaji umekuwa na gharama kubwa. Katika kisiwa cha Palawan, wanaharakati wa kujitolea wamenasa mamia ya misumeno kwa miaka mingi. Septemba 2017, kiongozi mmoja wa kijiji aliyekuwa nao katika msako eneo la El Nido aliuawa kwa risasi.

Ghana nayo inatoa funzo tofauti. Mwaka wa 1991 ilitunga kanuni za kusajili misumeno ya injini. Mwaka wa 1998 ikaenda mbali zaidi na kupiga marufuku kuitumia kupasua mbao za kuuza, iwe imesajiliwa au la.

Licha ya marufuku hiyo, sehemu kubwa ya mbao katika masoko ya nchini iliendelea kutoka kwa wapasuaji hao. Viwanda vikubwa vilipendelea kuuza ng'ambo, ilhali seremala na wajenzi walitaka mbao za bei nafuu. Isitoshe, mkulima hakuwa na haki ya kuuza mti uliojiotea shambani mwake, hivyo aliona heri akubaliane na mwenye msumeno kuliko kukosa yote.

Kenya pia imeonja ugumu huo. Marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa Februari 2018 kwa siku 90, mito ilipokuwa ikipungua maji, ilirefushwa mara kadhaa. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, akitaja haja ya kufufua ajira katika sekta ya mbao.

Mifano hii yaonyesha kuwa nambari ya usajili humwezesha mlinzi kujua msumeno ni wa nani, lakini haiondoi njaa ya mbao. Palipo na mnunuzi asiyeuliza mbao zimetoka wapi, msumeno utapata njia ya kurudi msituni.