Kuitafuta Kichwele ndani ya Uhuru

Wapenzi wa anime wana desturi yao. Ukishaiona Kimi no Na wa ya Makoto Shinkai (2016), unafunga safari hadi Yotsuya, Tokyo, unazipanda zile ngazi za hekalu la Suga, unapiga picha palepale vijana wawili walipokutana mwishoni. Wajapani wanaiita seichi junrei, yaani hija ya mahali patakatifu. Raha yake ni kulinganisha: picha mkononi, ngazi mbele yako, na vyuma vya kushikia ni vyekundu vilevile.

Sisi wa Dar tuna vitabu. Mimi nilichukua viwili vya M. G. Vassanji: The Gunny Sack (1989) na mkusanyo wa hadithi, Uhuru Street (1991). Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia hapa Dar, na sasa anaishi Toronto. Nilitaka kutembea mtaa wake kwa miguu yangu.

Nilianzia Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha mji wetu kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Hapo Barabara ya Uhuru inaanza, inapita kwenye maduka ya kanga na vitenge hadi Mnazi Mmoja. Ule uwanja haukuachwa wazi ili tupumzike. Waingereza waliutumia kuutenga mji: upande wa baharini Wazungu na Wahindi, ng'ambo ya pili Waafrika wa Kariakoo. Ukivuka leo unakwepa bodaboda tu. Zamani ulikuwa unavuka mpaka.

Na barabara yenyewe haikuitwa Uhuru, iliitwa Kichwele. Ndivyo inavyoitwa katika sehemu kubwa ya utoto wa Salim, msimulizi wa The Gunny Sack, ambaye mama yake, Kulsum, anaendesha duka mtaani hapo. Jirani yake, New Street, ilikuja kuwa Lumumba. Nilimuuliza mzee mmoja muuza kofia, "Shikamoo mzee, Kichwele ni wapi?" Akacheka. "Marahaba. Si hapo uliposimama, mwanangu?"

Hapo ndipo hija yangu ilipoachana na ya Tokyo. Kule msomaji anakikuta kitu kilichochorwa. Kariakoo unakuta ghorofa la vioo mahali palipokuwa na nyumba ya duka chini na familia juu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka, nyingine zikaishia Canada. Waliobaki wamebaki na kumbukumbu zao, na nyingi hazijaandikwa.

Tusidhani lakini kwamba kilichopotea ni cha Wahindi peke yao. Jina Kariakoo lenyewe ni kaburi dogo: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Tunalitaja kila siku tukienda kununua viatu.

Hata soko. Jengo lile lenye paa la miavuli ya zege, iliyobuniwa kukinga maji ya mvua, ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua. Mwandishi aliyeliweka ndani ya riwaya kabla ya usiku ule ametufanyia kazi ambayo kamera ya simu haiwezi: ametuachia harufu ya vitunguu, na ugomvi wa wapagazi kwenye ngazi.

Kwa hiyo ninasoma riwaya za Dar kwa jicho jingine sasa. Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba: tumezizoea kama burudani za kusomea kwenye basi, lakini kila mtaa unaotajwa mle ni ushahidi. Mwandishi kijana akiniuliza, nitamwambia asiandike tu "mjini" wala "sokoni". Aandike Msimbazi, aandike Kongo, aandike Swahili na Sikukuu. Mitaa yetu inabadilishwa majina, nyumba zinabomolewa, na mtu wa mwaka 2060 atakuja na kitabu mkononi akiuliza njia. Wauza kofia wanaokumbuka hawatakuwepo.