Tiba Iliyovumbuliwa Dresden, Mgonjwa Aliye Kampala

Historia ya tiba ya keratokonasi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maabara za Ulaya. Katika insha hii ninaitazama kutoka Kampala, na hoja yangu ni kwamba kwa mgonjwa, siku ya kutambuliwa ina uzito kuliko mwaka wa kuvumbuliwa kwa tiba.

Keratokonasi ni ugonjwa wa konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Utando huo hupungua unene na kuchomoza mbele kama pia, na mgonjwa huona mambo yamevurugika. Aghalabu huanza katika umri wa kubalehe. Kufikicha macho, hasa kwa watoto wenye mzio, huuchochea.

Daktari John Nottingham wa Liverpool aliueleza kwa kina mwaka 1854. Miaka mitano baadaye, William Bowman aliutambua kwa kutumia oftalmoskopu, kifaa kilichobuniwa na Helmholtz mwaka 1851. Kwa hiyo Albert Cook alipoanzisha Hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, njia ya kuutambua ugonjwa huu kwa mwanga na kioo ilikwisha kujulikana. Kilichokosekana duniani kote ni tiba ya kuuzuia. Eugène Kalt wa Paris alijaribu vigamba vya kioo mwaka 1888; mwaka 1905 Eduard Zirm alifaulu kupandikiza konea. Vigamba vilisaidia kuona na upandikizaji ulibadilisha konea iliyoharibika, lakini hakuna kilichousimamisha ugonjwa wenyewe.

Jibu lilitoka Dresden, Ujerumani, katika miaka ya 1990. Watafiti walijua kwamba wagonjwa wa kisukari hawapati keratokonasi mara nyingi, kwa kuwa sukari hukaza nyuzi za kolajeni. Wakatafuta namna ya kuzikaza kwa makusudi: konea hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno kwa dakika 30. Mwaka 2003 Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha matokeo ya macho 23 ya wagonjwa 22. Ugonjwa ulisimama katika yote. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2016.

Hata hivyo, tiba hii husimamisha; hairudishi kilichopotea. Tena utaratibu wa Dresden unataka konea isiyopungua milimita 0.4, ili miale isidhuru sehemu za ndani. Anayechelewa hukuta mlango umefungwa.

Nimeyajua haya kwa mdogo wangu. Tangu shule ya msingi alikuwa akifikicha macho, nasi nyumbani tukisema ni vumbi. Alibadilishiwa miwani mara tatu kabla ya mtu kushuku konea. Alipopimwa, jicho la kulia lilikuwa bado nene vya kutosha, likatibiwa. La kushoto lilikuwa limepita mpaka. Mtoto mmoja, macho mawili, na kati yao muda tu.

Kwa jicho kama lile la kushoto hubaki lenzi ngumu au konea ya marehemu. Uganda ilipata sheria yake ya kuchangia na kupandikiza viungo mwaka 2023, miaka 118 baada ya Zirm.

Ndiyo maana sikubali kwamba historia hii inaishia kwenye taa ya Dresden. Retinoskopu, kifaa cha mkononi kinachotumiwa kupimia miwani, huonyesha kivuli kinachofunguka na kufumba kama mkasi katika jicho lenye ugonjwa huu, hata mapema. Taa ya miale ni ghali, lakini kivuli hicho kinahitaji tu mpimaji aliyefundishwa kukitafuta, na mwalimu au mzazi anayemwona mtoto akifikicha macho asiseme ni vumbi. Sisi tulisema hivyo kwa miaka mingi.