Kabla hujanunua kamera mpya, nunua lenzi: mwongozo kwa wapiga picha wa Shinyanga na Geita

Hela ya kikoba imetoka. Mavuno yameisha, harusi zinafuatana kila Jumamosi, na kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu anauza bodi ya Canon 5D iliyotumika. Wewe una kamera ndogo uliyoanzia kazi, ile iliyokuja na lenzi yake ya 18-55. Unajiuliza: niichukue hii bodi au niache?

Swali hili linawakuta vijana wengi wenye kamera Kahama, Katoro, Geita mjini na Shinyanga. Jibu lake si la mzaha, maana hela ni ya mkopo na kazi yenyewe haina marudio. Mteja wa picha ya pasipoti unaweza kumwambia akae tena. Bibi harusi huwezi kumwambia aingie tena ukumbini.

Jibu fupi ni hili: kwa wengi wetu, hela ya kwanza iende kwenye lenzi. Bodi isubiri. Hapa chini tunaeleza kwa nini, uanze na lenzi ipi, na ni lini bodi mpya inakuwa na maana.

Hesabu ya mwanga

Adui wa kwanza wa kazi zetu ni giza. Sendofu inaanza saa moja jioni na kuisha saa sita usiku. Ukumbini kuna taa za rangi zinazozunguka, na upande wa meza za wageni karibu hakuna taa kabisa.

Tazama mbele ya lenzi yako ya 18-55. Imeandikwa f/3.5-5.6. Namba hizo zinaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukivuta hadi 55 ili upate sura ya bibi harusi, lenzi inakupa f/5.6, yaani tundu dogo.

Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Kwa vitendo ni hivi: mahali ambapo f/5.6 inakulazimisha upige kwa spidi ya 1/15, ambapo mtu akipiga makofi tu picha inatoka imetikisika, f/1.8 inakupa karibu 1/150 kwa ISO ileile. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya kuuza na picha ya kufuta.

Sasa tuje kwenye bodi. Sensa ya Canon 5D au 6D, zile zinazoitwa fulufremu, ina eneo kubwa kama mara 2.5 ya sensa ya kamera ndogo za Canon. Faida ipo, picha za usiku zinakuwa na chenga chache. Lakini mara 2.5 haiwezi kushindana na mara 10.

Mtego wa bodi bila lenzi

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Lenzi ya 18-55 ya Canon ni ya aina ya EF-S, na haiingii kwenye 5D wala 6D. Ukimaliza hela yote kwenye bodi, unarudi nyumbani na kamera isiyoweza kupiga hata picha moja.

Kwa Nikon, lenzi ya DX inaingia kwenye bodi ya fulufremu, ila kamera inatumia sehemu ya katikati tu ya sensa. D750 yenye megapikseli 24 inakupa kama 10 tu. Umelipia nyumba nzima, unalala sebuleni.

Bei nazo zinasema. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 125. Bodi ya 5D Mark IV ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa karibu dola 3,500 bila lenzi. Bei za Kariakoo na za mitandaoni hupanda na kushuka, na vilivyotumika hushuka zaidi, lakini uwiano huo ukae nao kichwani.

Lenzi ipi kwa kazi ipi

• Harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara: Anza na 50mm f/1.8. Kwenye kamera ndogo ya Canon inaona kama 80mm, kwenye Nikon kama 75mm. Ni tamu kwa sura ya mtu mmoja au wawili.

• Chumbani bibi harusi akipambwa: Hapo 50mm itakubana, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Nikon wana DX 35mm f/1.8G. Canon wana EF-S 24mm f/2.8 STM.

• Mikutano, mahafali, maonesho, kazi za kampuni za migodini: Zumu ya 17-50mm f/2.8 ya Tamron au Sigma, iliyotengenezwa kwa kamera ndogo. Inapitisha mwanga uleule ukivuta au usipovuta, na inakuepusha kubadilisha lenzi kwenye vumbi.

• Mpira, Nyankumbu au Kambarage: Mechi ya alasiri ina jua la kutosha, hivyo 55-250 au 70-300 ya kawaida inafanya kazi. 70-200 f/2.8 ni nzito na ghali. Inunue kama kuna anayekulipa kwa picha za mpira kila wiki.

• Pasipoti na studio: 18-55 uliyonayo inatosha kabisa. Hapo hela iende kwenye taa na pazia.

Onyo kwa wenye Nikon: bodi za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3200 au D5300, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya bei nafuu yenye herufi AF-D itaingia, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Onyo la pili ni kwa wote. Ukipiga kwa f/1.8, eneo lililotulia ni jembamba sana. Bwana akiwa nusu hatua nyuma ya bibi, mmoja atatoka ukungu. Kwa watu wawili nenda f/2.8 au f/4. Kwa ukoo mzima kwenye mistari mitatu, nenda f/5.6 hadi f/8 na uwashe flashi.

Flashi inakuja ya pili

Ile flashi ndogo ya juu ya kamera inampiga mtu usoni, sura inang'aa na nyuma kunabaki giza. Flashi ya nje inayogeuka kichwa ndiyo ununuzi wa pili.

Wengi wamefundishwa kuielekeza juu ili mwanga urudi kwa upole. Hiyo inafanya kazi chini ya dari nyeupe. Kumbi zetu nyingi zina paa refu la bati au vitambaa vya mapambo, na sherehe nyingine ziko chini ya turubai. Turubai ya bluu inakurudishia sura za bluu. Mahali kama hapo funga kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi, au iweke pembeni kwenye stendi.

Ukiitwa kupiga picha mgodini, muulize msimamizi kabla ya kuwasha chochote. Kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali hurusha mawimbi ya redio, na mawimbi hayatakiwi karibu na fataki za kulipulia zinazotumia umeme. Hapo usibishane.

Vumbi la karasha

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, barabara za kwenda Nyarugusu au Rwamgasa ni vumbi tupu. Kwenye makarasha ni zaidi: mawe yanasagwa na unga wake unabaki hewani. Unga huo ni mgumu na unakwaruza kioo.

• Usibadilishe lenzi karibu na karasha. Ingia kwenye gari na ufunge vioo. Kama hakuna gari, ingia ndani ya nyumba.

• Zima kamera kwanza, elekeza mdomo wa bodi chini, na uwe umeshafungua kifuniko cha lenzi inayoingia.

• Kuwa na kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usifute sensa kwa kitambaa wala shati.

• Weka chujio cha UV mbele ya lenzi. Kikikwaruzwa unanunua kingine, na kioo cha lenzi kinabaki salama.

• Kwenye bodaboda, begi liwe na zipu inayofunga, na kamera iwe ndani ya mfuko mwingine.

Masika tatizo linageuka kuwa unyevu, hasa kwa walio karibu na ziwa. Lenzi iliyofungiwa kwenye begi lenye unyevu inaota ukungu ndani ya kioo. Weka vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu, na uitoe lenzi ipate hewa na mwanga mara kwa mara.

Bodi ni lini basi?

Hatusemi bodi haina maana. Wakati wake unafika ukishakuwa na lenzi nzuri na flashi, na bado kamera ndiyo inayokukwamisha. Sababu nzito ni hizi:

• Kadi mbili. Hii ndiyo sababu kubwa kwa mtu wa harusi. Bodi yenye nafasi mbili inaandika picha kwenye kadi zote kwa pamoja. Moja ikifa, harusi ipo kwenye nyingine. Canon 5D Mark III na Nikon D750 zina nafasi mbili. Canon 5D Mark II na 6D zina moja.

• Fokasi inayopotea gizani, hata ukiwa na lenzi ya f/1.8.

• Shata iliyochoka. Canon wanaikadiria shata ya 6D kwa picha 100,000 na ya 5D Mark III kwa 150,000. Nyingine huvuka, nyingine hazifiki.

Ukinunua bodi, ile ya zamani usiiuze haraka. Ivalishe lenzi moja na mpya nyingine. Hutabadilisha lenzi kwenye vumbi, na moja ikizima katikati ya kula kiapo, ya pili iko shingoni.

Vipi kuhusu kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, zile za mirolesi? Huko ndiko soko linakoenda. Lakini lenzi ya Canon EF unayonunua leo haipotei: adapta ya Canon iliyotoka mwaka 2018 pamoja na EOS R inaifanya ifanye kazi, fokasi ikiwemo. Kwa Nikon, adapta ya FTZ inaendesha fokasi ya lenzi za AF-S, siyo AF-D. Hapo tena lenzi inaishi kuliko bodi.

Kagua kabla ya kutuma hela

Kifaa kilichotumika si kibaya. Kibaya ni kukinunua kwa picha za WhatsApp. Nenda mwenyewe, au tuma mtu anayejua.

1. Mulika lenzi kwa tochi ya simu upande wa nyuma, uchungulie mbele. Nyuzi kama za buibui ni ukungu. Achana nayo.

2. Piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16, kisha ikuze. Madoa meusi ni vumbi la kwenye sensa. La kusafishika lipo, mkwaruzo hauondoki.

3. Uliza imeshapiga picha ngapi. Kwa Nikon namba hiyo imo ndani ya faili la picha na programu za bure huisoma. Canon nyingi zinahitaji kuunganishwa na kompyuta.

4. Vaa flashi juu yake na uiwashe. Jaribu nafasi ya kadi, kila kitufe, na chaja.

5. Fungua menyu. Baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake.

6. Chukua risiti, na namba ya kifaa iandikwe humo. Siku polisi wakiuliza, risiti ndiyo itakayokusemea.

Pima kwa picha zako mwenyewe

Kabla ya yote, fanya zoezi moja usiku huu. Fungua kazi yako ya mwisho na utoe picha 20 zilizoharibika. Andika sababu ya kila moja.

Kama nyingi zimetikisika, unahitaji lenzi ya tundu kubwa. Kama sura ni nyeusi au zina rangi ya turubai, ni flashi. Kama zina madoa yaleyale mahali palepale, ni usafi. Kama betri ilizima au kadi iligoma, nunua betri na kadi halisi, ni hela ndogo. Kama kila kitu kilikuwa sawa ila fokasi ilikataa, hapo bodi imekuita.

Na kama sababu ni kwamba ulisimama mahali pabaya, kuna habari njema: hiyo haihitaji mkopo.

Mkopo wa kikoba unarudishwa kila wiki, harusi iwepo isiwepo. Nunua kifaa ambacho kazi ya Jumamosi ijayo itaanza kukilipa. Kwa wengi wetu, kifaa hicho kinaingia kwenye mfuko wa koti.