Macho Tuliyoyasahau Kibirizi

Anayekwenda Gombe kwa boti ya abiria hupandia Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Ukifika pale saa sita mchana utafumba macho nusu. Jua linakupiga kutoka juu, linakupiga tena kutoka majini, na dagaa walioanikwa nao wanang'aa kama bati jipya. Wengi wetu tunakunja uso tu na kuendelea na safari.

Nilisoma darasa moja na mtoto mwenye ualbino aliyeishi karibu na mwalo huo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tulimwita zeruzeru mbele yake bila haya. Macho yake yalichezacheza kushoto na kulia, na kitabu alikisogeza mpaka kikaribie kugusa pua. Kwa kuwa alikuwa mrefu, alikalishwa dawati la nyuma. Akiulizwa kilichoandikwa ubaoni alinyamaza, akachapwa kwa ukaidi. Lakini hesabu za kichwa, zile ambazo mwalimu hutamka tu, alitushinda wote. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Jioni, wavuvi wakiwasha karabai, alifumbua macho vizuri akacheza nasi. Wakubwa wakasema watu wa namna ile huona usiku kama bundi. Haikuwa hivyo. Mwanga mkali ulikuwa umeondoka, basi.

Na maelezo yalikuwepo duniani muda mrefu. Mwaka 1908, jijini London, daktari Archibald Garrod alitoa mihadhara juu ya maradhi ya kurithi yanayotokana na hitilafu katika namna mwili unavyobadili kitu kimoja kuwa kingine. Alitaja manne, na ualbino ulikuwa mmojawapo. Alieleza kwamba kazi hiyo hufanyika kwa hatua, na hatua moja ikikwama, kinachotakiwa mwishoni hakipatikani. Hapa kinachopungua ni melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto huirithi hali hii kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi kabisa. Nalisema hili kwa sababu akina mama wengi wameachwa na waume zao kwa kutojua.

Ulaya hali hii ni adimu. Hapa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya watu 1,400. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kwa sehemu kubwa ya Watanzania waliopimwa, chanzo ni kipande kilekile kilichokatika katika jeni moja.

Sisi tulishughulika na ngozi tu, kwa kuwa ndiyo tunayoiona. Ndani ya jicho melanini ina kazi kubwa zaidi. Ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni huzuia mwanga kama pazia. Rangi ikipungua, mwanga hupenya ovyo. Katikati ya retina, mahali tunapotumia kusoma herufi ndogo, jicho halikomai sawasawa tangu tumboni. Hata mishipa iendayo ubongoni hupotea njia. Mwaka 1969 mtaalamu Guillery aliliona jambo hilo kwa paka wa Siam, na mwaka 1975 yeye na wenzake, akiwemo daktari Okoro wa Nigeria, wakaandika kuhusu ubongo wa binadamu mwenye ualbino: nyuzi nyingi za mishipa ya macho zilikuwa zimevuka kwenda upande usio wao. Kwa hiyo miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo. Dawati la mbele husaidia, kofia pana husaidia, na maandishi makubwa pia. Kati ya hivyo vyote, dawati halina hata gharama.

Mtoto asiyeona ubao huonekana mjinga, huacha shule, na asiye na cheti hufanya kazi ya juani. Jua nalo huleta saratani ya ngozi. Tunamzika tukisema ngozi imemuua, kumbe safari ilianzia machoni, darasani.

Yalipozuka mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi wa mkoa wetu walipelekwa Kabanga, Kasulu, kwa usalama wao. Nchi nzima ilizungumza habari za mapanga na waganga, na ilikuwa haki kuzungumza. Habari za ubao sikuzisikia, hata redioni kwetu.

Mwenzangu aliacha shule akiwa darasa la tano. Mara ya mwisho nilimwona nikiwa ndani ya boti, yeye yuko ufukweni anageuza dagaa, shati la mikono mifupi, hana kofia. Nilimpungia mkono. Hakujibu, na kwa miaka mingi niliamini alikuwa na kinyongo nami.